Chaki za Biubwa na mlango unaong'olewa Alhamisi

Saa mbili asubuhi, Biubwa Mahmoud amechuchumaa mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya shule, Bagamoyo mjini. Mkononi ana kipande cha msasa wa seremala. Anachukua chaki ya rangi, anaisugua juu ya msasa, anaipuliza, anatikisa kichwa. Anachukua nyingine.

"Dada Biubwa, unachagua chaki au unachagua mchumba?" anauliza Hamidu, mwenye duka.

"Mchumba ningeshambeba wa kwanza niliyemwona, nikapumzike," anajibu bila kuinua macho.

Wateja wanacheka. Yeye hacheki. Tangu alfajiri amefagia vyumba vya nyumba ya wageni, na mgongo unamuuma.

Biubwa, mwenye miaka 31, huchora milango ya kale ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo kwa chaki laini ambazo wachoraji huziita pasteli. Picha moja huiuza kwa shilingi elfu thelathini, na upo mwezi unaokwisha hajapata mteja. Ndiyo maana ufagio hajauacha.

Leo ni Jumanne na hana nafasi ya kukosea. Bi Naila, mjane wa mtaa wa pili, amegawana mirathi na wanawe, na mlango wa nyumba umeuzwa kwa mnunuzi wa milango ya kale. Alhamisi mafundi wanakuja kuung'oa. Bi Naila ameomba kitu kimoja tu, abaki na picha ya mlango huo.

"Niliingia pale bibi harusi, nimefunikwa gubigubi, sikuona kitu," anasimulia Bi Naila. "Mpaka fungate lilipokwisha, nikatolewa nje, ndipo nikageuka nikauona. Nikasema, kumbe hapa ndipo kwangu!"

Picha ya kwanza iliharibika. Karatasi zilikuwa zimevuta unyevu wa pwani, na shangazi yake Biubwa, Bi Dija, akaona huruma. Akazitandaza juu ya chetezo, akazifukiza udi kama nguo za sikukuu.

"Mimi najua kitu cha thamani hufukizwa," anajitetea Bi Dija. "Nitajuaje kuwa karatasi haitaki heshima?"

Zikakauka, zikanukia. Lakini moshi wa udi una mafuta. Chaki ikawa inateleza, rangi haishiki, kazi ya siku mbili ikaishia jikoni kuwashia moto.

"Sikumgombeza," anasema Biubwa. "Nilikaa tu chini. Hata kulia nilichoka."

Ndiyo sababu sasa anapima kila kitu. Chaki ngumu inakwaruza na kuacha mstari mwembamba, hiyo anairudisha. Nzuri huacha unga mwingi unaojaa kidoleni, na ukiupuliza hauruki wote hewani. Karatasi ya manila anaikataa, ni laini mno, chaki haina pa kukamata. Anafumba macho na kupitisha kidole juu ya karatasi moja moja, mpaka anakuta nene yenye mkwaruzo.

Hamidu anamsogezea boksi zima.

"Lina waridi na zambarau," Biubwa anasema. "Mlango gani wa Bagamoyo una zambarau? Nifungulie, kaka yangu."

"Nikifungua, hizo zilizobaki nimuuzie nani?"

"Watoto wa shule. Wao hawachagui."

Hamidu anaguna, kisha anakata utepe. Anamwekea kahawia nne. Biubwa anarudisha tatu, anachukua kijivu.

"Watu wakiona mbao wanafikiri kahawia," anasema. "Mbao iliyopigwa jua na chumvi miaka yote hiyo ni kijivu. Kahawia imebaki ndani ya nakshi tu, mahali ambapo jua halifiki."

Saa nne yuko barazani kwa Bi Naila, leso puani kwa sababu ya vumbi la chaki.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Safari hii umekuja bila udi?"

Biubwa anatabasamu kwa mara ya kwanza. Mstari wa kwanza unashika. Anaugusa kwa kidole, haufutiki. Anashusha pumzi, mabega nayo yanashuka.

Alasiri nakshi za juu zimeshatokea na macho yake yamekuwa mekundu. Akimaliza, anasema, atalala. Halafu anataka kupita nyumba kwa nyumba akichora milango, mpaka Pangani, kabla wenye pesa wanaoinunua hawajafika.

"Kila mara naitwa kuchora mlango umeshauzwa," anasema, akipangusa vidole kwenye kanga. "Nataka mmoja tu nichore watu bado wanaingia na kutoka, wananiambia nisogee niwapishe."