Benchi la Mti wa Ash

Miaka ile nilifanya kazi Fridley, Marekani, nje kidogo ya jiji la Minneapolis, kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Magogo yetu hayakutoka msituni. Yalitoka mitaani, Minneapolis na Saint Paul, ambako manispaa zilikuwa zikikata miti ya ash, miti ya kivuli ya kando ya barabara, kwa sababu ya mdudu wa kijani asiyezidi ukucha wa kidole. Mti uliougua ulipigwa duara la rangi kwenye shina, kisha siku yake ikifika lori likatuletea. Mingi ilisagwa. Magogo manene yaliyonyooka nilipewa mimi niyapasue. Kazi hiyo nilijifunza Kivu, nikivuta msumeno wa watu wawili na baba yangu. Fridley nilibonyeza kitufe.

Asubuhi moja ya baridi, gari dogo liliingia uani nyuma ya lori. Akashuka mwanamke mzee wa Kimarekani, akaja moja kwa moja kwangu.

"Huo ni mti wangu," alisema. "Marehemu mume wangu ndiye aliyeupanda."

Kisheria ulikuwa mali ya manispaa, maana ulisimama ukingoni mwa barabara. Nadhani alijua. Bosi alimpa kofia ngumu na vizibo vya masikio, akamruhusu asimame kando atazame.

Nilibandua gome kwanza. Chini yake mabuu walikuwa wamechimba vijia vilivyopindapinda pande zote. Alivigusa, akafuta kidole kwenye koti. Kisha nikapitisha msumeno. Ubao wa kwanza ulitoka mweupe, nyuzi zimenyooka, bila doa.

"Nilidhani umeoza ndani," alisema nilipozima mashine.

"Hapana, mama. Mdudu anakula chini ya gome tu. Chakula cha mti kinapita hapo."

"Kwa hiyo ndani ulikuwa mzima."

"Ndiyo. Ulikufa njaa."

Kiingereza changu hakikuwa na maneno laini zaidi. Nikawasha mashine tena.

Alitaka meza kubwa ya kukalisha watoto na wajukuu. Tukazipanga mbao bandani, vijiti katikati ili hewa ipite, tukaziacha zikauke. Zilipokuwa tayari, zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Bosi alimpigia simu, akaja. Nyumba alikuwa ameiuza, akahamia fleti Hopkins.

"Meza haitaingia," alisema.

"Sebule yako ina upana gani?"

"Naweza kuivuka bila kuinuka kitini."

Alicheka peke yake. Alichagua ubao mmoja. Nyingine bosi alimuuzia fundi wa ngazi, na mimi ndiye niliyezipakia. Ule mmoja nilimwambia nitamtengenezea benchi.

Mke wangu aliniuliza kwa nini Jumamosi zangu zinaishia kiwandani.

"Ni mjane," nilisema.

"Wajane wamejaa hapa Brooklyn Center, na kanisani wanakaa viti vya plastiki."

Benchi nilimaliza hivyo hivyo, nikalipeleka. Tulilijaribu chini ya dirisha, likaziba kipasha joto. Tulilijaribu ukutani, mlango wa choo ukagoma kufunguka. Mwishowe tulilitoa nje, tukaliweka kwenye korido karibu na lifti, yeye akishika upande mmoja, akikataa kupumzika.

Baada ya majuma kadhaa nilipita kumwona. Nilimkuta ameketi kwenye benchi na mzee mmoja Msomali, jirani yake, mwenye mifuko ya sokoni miguuni. Mwanamke alikuwa akimsimulia habari za marehemu mume wake, na yule mzee akitikisa kichwa kwa adabu.

"Huyu ndiye fundi," mwanamke alisema.

Mzee alinisalimu, akaitazama miguu yake mwenyewe, iliyoning'inia bila kugusa sakafu vizuri. "Zuri," alisema. "Ila umeliinua mno."

Nilirudi kwenye gari, nikaleta msumeno wa mkono. Waliinuka wote wawili. Nikaligeuza benchi juu chini palepale kwenye korido, nikapunguza miguu, na mwanamke akaenda kuleta ufagio.