Jibu Tulilompa Mgeni

Pale stendi ya Makambako, upande yanakopakilia magari ya Njombe, kuna bango lenye picha ya binti anayecheka. Jua na vumbi vimeshaanza kulipausha, lakini meno yake bado yanaonekana vizuri, na chini yake yameandikwa maneno makubwa kwamba ulemavu si mwisho wa safari. Nikipita hapo hujifanya natafuta mahindi ya kuchoma upande wa pili. Wanaonifahamu mjini wanajua nafundisha watoto wenye ulemavu, kwa hiyo huniuliza huyo mwanafunzi wangu anaendeleaje. Hajawahi kukaa darasani kwangu hata siku moja.

Nilimkuta katika kijiji cha Kichiwa, wakati tulipotumwa kupita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto wasiokwenda shule. Mwenyekiti wa kitongoji aliniambia kaya ile ina watoto wanne, na wanne niliwaona, wamejipanga uani na masweta yao. Nikawaandika, nikawaambia kwa sauti kwamba leo ni Jumatano na Jumatatu nitarudi. Mtu akanisahihisha kutoka jikoni. Alisema ni Alhamisi. Maneno yalitoka kwa shida, moja moja, lakini nilipotazama simu yangu kweli ilikuwa Alhamisi.

Baba wa nyumba akainamisha uso. Mama akasema, "Ni huyu wetu mwingine, mwalimu. Anakaa motoni, baridi inamsumbua."

Nikaingia jikoni. Alikuwa binti wa miaka tisa hivi. Miguu imekakamaa, mkono mmoja umejikunja kifuani, na ameegemezwa kwenye gunia la viazi vya mbegu. Ukutani, pale mkono wake mzima ulipofika, alikuwa ameandika herufi kwa mkaa, alizoziiba kwenye madaftari ya kaka zake. Mimi nina hasira za karibu, hata wanafunzi wangu wanajua. Nilimwambia yule baba maneno ambayo mgeni hamwambii mwenye nyumba, kwamba vinavyowekwa gizani ni viazi, si mtoto. Hakunijibu kwa ukali. Aliuliza tu, "Akitoka, mwalimu, ataenda wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Kutoka Kichiwa hadi shuleni kwetu si mwendo wa kumbeba mtu mgongoni kila asubuhi. Alihitaji kitanda bwenini na mlezi wa kumsaidia kula na kuoga. Bweni letu lilikuwa limejaa, na mlezi hatukuwa naye.

Ndipo ukaja urafiki wa miji, wa mji wetu na mji wa ng'ambo. Kulikuwa na mji huko Ulaya ambao jina lake wengi wetu tulishindwa kulitamka, na huku iliundwa kamati ya kuupokea urafiki huo. Wageni waliandika kwamba safari hii wanataka kushughulikia mambo ya ulemavu, maana kwao waliwahi kuwaficha watu wao pia na hawataki kujisifu. Wangekuja Njombe, wawaulize wazazi wenyewe watoto wao wanahitaji nini, kisha waamue: kujenga bweni na kuajiri walezi, au kufanya uhamasishaji. Nilipoisoma barua hiyo niliona kitanda kimeshatandikwa. Nilirudi Kichiwa mara tatu kumbembeleza yule baba. Nilimwambia, mlete wamwone, wakuulize kwa mdomo wao.

Akamleta. Walipanda lori la viazi, binti amezungushiwa mablanketi mawili, wakapita katikati ya kijiji mchana kweupe. Hiyo ndiyo siku majirani walijua kwamba ile nyumba ina watoto watano.

Kabla wageni hawajaingia ukumbini, mwenyekiti wa kamati alituita pembeni. Alisema mji wetu una heshima yake, kwa hiyo tusije tukaonekana ombaomba. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilikuwa nimesuka, nimevaa kitenge kipya, na nakiri nilipenda kusikia Kiingereza changu kikitoka kwenye kipaza sauti.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, alijisogeza hadi mbele ya yule baba. Akamtazama binti, wakacheka wote wawili, na hapo ndipo ile picha ya bango ilipopigwa. Kisha akauliza mtoto anahitaji nini. Nikatafsiri.

Baba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mwambie tunashukuru sana. Wametoka mbali. Sisi hatuna shida yoyote."

Kwetu mgeni aliyefika sasa hivi hatwishwi mzigo. Anaambiwa kwetu ni kwema, anakaribishwa, anakula. Shida haisemwi na mwenye shida. Husemwa na mtu wa katikati, kama vile mshenga anavyosema posa ambayo baba wa kijana hawezi kuitamka kwa mdomo wake. Nimekulia humo. Siku dada yangu alipoposwa nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango nikisikiliza mshenga akisema yote. Na siku ile Njombe, kati ya yule baba na yule mgeni, mtu wa katikati nilikuwa mimi.

Nikatafsiri neno kwa neno. Wanashukuru, hawana shida yoyote. Yule mama hakuridhika, akauliza tena, hakuna kabisa? Swali hilo la pili sikumgeuzia baba. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu, ananitazama. Nilijibu mwenyewe kwamba hakuna kabisa, nikatabasamu. Mgeni akaandika kwenye karatasi yake.

Taarifa yao ilikuja baada ya miezi kadhaa, ndefu na ya upole. Ilisema familia walizokutana nazo zina upendo na zimeridhika, na kwamba kinachokosekana ni uelewa wa jamii. Kwa hiyo wakachagua uhamasishaji. Yakachapishwa mabango, ikachezwa mechi ya kirafiki, tukagawiwa fulana. Nilipouona ule uso stendi nilikaa kwenye benchi la abiria nikalia, na kina mama wauza ndizi wakadhani nimeibiwa. Niliandika barua kueleza kosa langu. Wakanijibu vizuri tu kwamba mpango umeshapitishwa. Baadaye kule kwao walichaguliwa viongozi wengine wenye mambo mengine, na barua zikakoma. Vitanda havijaongezeka bwenini hadi leo.

Nilichelewa sana kurudi Kichiwa. Nilijiambia nina kazi nyingi, lakini ukweli nilikuwa naogopa. Nilipokwenda nilimkuta binti palepale jikoni, amerefuka, mabega yameanza kupinda kwa kukaa. Ukuta ulikuwa umepakwa udongo upya na hapakuwa na herufi hata moja. Aliniona, akageuzia uso motoni.

Baba yake alinisimulia. Watu wa kijiji wanaokwenda Makambako waliliona bango, wakarudi wakimpongeza kwamba mwanawe anasomeshwa na wazungu. Yeye hakuwakatalia. Angeanzia wapi? Sasa wote wanajua binti yuko shule, kwa hiyo haiwezekani aonekane nyumbani. Zamani walau alikuwa akitolewa uani jua likiwaka, majirani wakiwa shambani. Siku hizi hata hilo hakuna.

"Siku ile, yule mama ulimwambia nini?" akaniuliza.

"Nilimwambia ulichosema, baba."

Akasukuma kuni motoni. "Mimi ni mwenye mtoto, mwalimu. Mbele ya mgeni ningesema nini? Mambo mengine si ndiyo yalikuwa ya kusemwa na wewe?"

Nilisema ndiyo, yalikuwa ya kwangu. Ningependa kuandika kwamba nililia au nilimwahidi kitu. Sikufanya lolote.

Mara nje mtu akapiga hodi. Baba akatoka haraka, mama akamfuata akaurudisha mlango wa jikoni, nikabaki ndani na binti. Tukamsikia jirani akisalimia, "Kamwene," akiitikiwa, kisha akauliza habari za msomi wa Makambako. Baba akasema anaendelea vizuri, tunashukuru.

Binti akainua uso, akafungua mdomo, akaanza kulivuta neno kwa ile shida yake. Mimi niliyemtoa ndani mbele ya dunia nzima, nikaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze.