Sikio la Bwana Harusi

Jumamosi nilikuwa nje ya kanisa moja Ruiru, maharusi wakipangwa kupigwa picha. Fundi wa picha alikuwa ametoka Thika na filamu iliyobaki na picha moja tu. Alipoinua kamera, ikagonga miwani yake.

"Ninaona katikati tu," akakiri. "Miwani inazuia jicho kufika karibu na kidirisha cha kamera. Nikiivua, sioni hata bibi harusi. Wa pembeni nawakisia."

"Si urudi nyuma?" mtu akasema. Nyuma yake kulikuwa na seng'enge.

Basi watu wote wakasukumana kuingia katikati, isipokuwa mama wa bibi harusi. Yeye alibaki mwisho wa mstari, maana kwetu mama mkwe na mkwewe hawasogeleani. Ni heshima.

"Songa, mama, utakatwa," fundi akamsihi.

"Nisimame bega kwa bega na mkwe wangu? Atiriri!" akamaka.

Akakaza kitambaa chake kichwani, akafikiri. Halafu akatembea polepole hadi katikati, akamshika binti yake mkono, na kwa kidevu akamwonyesha bwana harusi kule mwisho alikotoka yeye.

"Heshima ni kukaa mbali," akasema. "Nani alisema wa kwenda mbali ni mimi?"

Bwana harusi akaenda mbio, sisi tukicheka mpaka machozi.

Picha nimeiona jana. Mama yuko katikati, meno yote nje. Bwana harusi ametokea sikio moja tu. Nimemwambia asisikitike: kwenye ndoa, hilo ndilo atakalolitumia zaidi.