Hinnerk Stahmer na Nyambizi ya Mafuta ya Taa

Kila kiangazi watu wanapanga foleni Laboe, ufukoni karibu na mji wa Kiel, Ujerumani, kupiga picha na nyambizi ya makumbusho. Haya, pigeni. Mkirudi mjini mtasimuliwa habari za makapteni na nishani zao. Hakuna atakayewaambia habari za Hinnerk Stahmer wa mtaa wa Gaarden, kwa sababu Hinnerk hakuzamisha hata mtumbwi, na nyumbani kwake walimchukia.

Alizaliwa Ellerbek, kwenye harufu ya samaki wa moshi, akajifunza ufundi wa mitambo kwenye karakana za meli. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia akapangiwa nyambizi, moja ya zile za mwanzo kabisa. Ukisikia nyambizi unafikiria kitu cha kujificha. Wapi! Ile ilitembea kwa mafuta ya taa. Ikiwa juu ya maji ilitoa wingu jeupe linaloonekana na kila mwenye macho, na bomba lake la moshi lilisimama juu kama la jikoni. Kabla ya kuzama lilishushwa bomba, halafu mtu mmoja huko chini azungushe gurudumu la valvu ya kuziba njia ya moshi mpaka mwisho, apaze sauti: "Imefungwa!" Ndipo kamanda aamuru kuzama.

Vita vilipoanza wakaipeleka Bahari ya Kaskazini. Ikatoa moshi wake, ikarudi mikono mitupu. Zikaja boti mpya za dizeli, ya Hinnerk ikafanywa ya shule, na yeye akawa mwalimu wa chumba cha mitambo.

Wanafunzi walimdharau. "Mzee, leo tunazama au tunaoka mkate?"

"Wewe funga valvu," aliwajibu. "Mdomo utaufunga baadaye."

Ukaja ule msimu wa baridi ambao Kiel nzima ilikula mizizi ya kulishia ng'ombe. Supu ya mizizi, mkate wa mizizi, jamu ya mizizi. Watu wa nyambizi walipata soseji na siagi. Ndiyo maana Mama Plambeck, mama mkwe wa Hinnerk, alitaka kitinda mimba wake Jürn afaulu shule ile. Na kwa asiyefaulu msimu huo hapakuwa na mjadala: alitupwa Flanders, kwenye mahandaki ya mstari wa mbele, akapigane na matope.

"Huyo ni shemeji yako," Mama Plambeck alimwambia Hinnerk Jumapili moja, mezani, kwenye kahawa ya shayiri. "Damu ya mke wako. Unanielewa?"

"Valvu haijui damu ya mtu, mama."

"Kumbe wewe na hiyo valvu mmefanana."

Jürn hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka tu. Luteni Ahlers, mkuu wa boti, alipenda kasi na alikaa ameshika saa mkononi. Anayeita mapema anasifiwa, basi vijana wakajifunza kuita mapema. Jeshi zima ndivyo lilivyokwenda, mkitaka kujua.

Siku moja ya Februari, ghuba imejaa vipande vya barafu, Jürn akaita "Imefungwa!" mkono ndio kwanza unalishika gurudumu. Boti ikashuka. Maji yakarudi kwa njia ya moshi, yakaingia kwenye mitambo, mkia ukazama mpaka ukagusa matope. Hinnerk akampiga kijana kikumbo, akalizungusha gurudumu mwenyewe maji yakimchapa usoni. Wakasukuma maji ya matangi kwa hewa, wakapanda juu wakitapika. Hakufa mtu.

"Valvu imechakaa, sivyo, Stahmer?" Luteni alimwuliza gatini, mbele ya wote. "Boti kuukuu hii."

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi. Luteni apone, Jürn afaulu, lawama ibebwe na chuma.

"Valvu ni nzima, bwana Luteni. Jürn Plambeck ameita kabla hajafunga."

Jürn akaenda Flanders wiki ile ile. Mama Plambeck akapanda ngazi za Gaarden, akatema mate mlangoni, akashuka. Majirani wakaacha kumsalimia Hinnerk. Wiebke, mkewe, aliendelea kumpikia, ila sahani aliisukuma tu kama anamlisha mbwa wa mtu mwingine.

Najua wajuaji watakuja na yao: lakini alikuwa sahihi, wengi waliofaulu wamelala chini ya bahari! Acheni hizo. Hinnerk hakujua nani atakufa wapi. Alijua kwamba anayesema uongo kuhusu valvu ataua chumba kizima. Hilo linatosha, halihitaji maiti za kulishikiza.

Vita vikaisha, boti ikakatwa vyuma chakavu. Jürn akarudi na mguu mmoja. Akaja Gaarden, magongo yakigonga ngazi, akaketi jikoni bila kukaribishwa.

"Karibu, shemeji," Hinnerk akasema.

"Shemeji wa nani? Nijibu kitu kimoja niende zangu. Nisingekuwa ndugu yake Wiebke, ungenichongea?"

Hinnerk angeweza kunyamaza. Lakini miaka miwili ameitwa katili ndani ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa amechoka.

"Ungekuwa mtu baki ningekusema tangu Oktoba! Uliita hujafunga mara mbili, na mara zote mbili nilifunga mimi nyuma yako, nikanyamaza. Nimekulinda, mpumbavu wewe!"

Jürn akaangua kicheko kibaya. Wiebke, aliyekuwa kwenye jiko, akageuka.

"Oktoba?"

"Ndiyo, Oktoba."

"Oktoba waliofeli walikuwa bado wanarudishwa kwenye meli zao hapa hapa bandarini. Kijana wa Göttsch wa ghorofa ya chini alifeli Oktoba. Amekwangua kutu mpaka vita vimeisha. Ana miguu miwili, Hinnerk."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ungesema mapema, au ungenyamaza moja kwa moja. Wewe ulingoja mpaka kusema kukawa ni kumwua."

Akavaa koti. Akamshika mdogo wake kwapani, wakashuka polepole, gongo na mguu, gongo na mguu, na Hinnerk amesimama jikoni anasikiliza mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Wiebke hakurudi. Hinnerk alizeekea pale pale, akitengeneza cherehani za watu, na aliyemwuliza habari za nyambizi alionyeshwa ngazi.