Boulon ya Nyuma ya Moteur

Batoto munaosoma hii, munatengeneza pikipiki na simu ku sikio. Muweke simu chini. Nawaambia vile kazi ilikuwa.

Siku yangu ya kwanza mu garage, hapa Butembo, chef d'atelier, mukubwa wa bafundi, aliangalia mikono yangu akasema: «Hii ni mikono ya kuchambua maharagi.» Bafundi bakacheka. Kisha akanionyesha boulon moja, ile bolti ya kukaza, nyuma ya moteur, kule vidole vya banaume haviingie. «Ingiza yako.» Nikaingiza. Njo vile nilipata kazi.

Boulon ya mahali pafinyu ikitoroka vidole, inaweza kuanguka mu tumbo ya moteur. Njo maana nilikuwa naifunga uzi mweusi wa kusuka nywele, chini ya kichwa yake. Ikianguka, unaivuta. Ikianza kushika, unakata uzi, unautosha, ndipo unakaza. Kichwa ya clé, ile spana, tulikuwa tunaipakaa graisse, ile mafuta nzito, boulon ibambe pale.

Nyuma ya pale bakanituma mu muji ya Beni, chini ya chef mwengine, mwanaume wa haraka. Asubuhi moja bakatuita kule Mutwanga, ku maternité, nyumba ya kuzalisha: groupe yao, ile moteur ya kutoa umeme, ilikuwa imekufa. Mama mumoja alikuwa anangoja operation. Tulitengeneza, ikabakia kufunga bomba ya kuingiza hewa. Uzi ukaisha, na boulon ya mwisho ilikuwa haijafungwa.

«Hii tuitie bila uzi,» chef akasema. Ikamutoka. Tuliisikia inagonga chuma, kisha kimya.

Infirmière, muuguzi wa pale, akatokea ku mulango. «Muzee, docteur anauliza kama anaweza kuanza.»

«Iko tayari.» Chef akakamata manivelle, ile chuma ya kuzungushia moteur.

Nikaweka mukono juu yake. «Hapana, chef. Boulon hatujaiona.»

«Imeanguka chini.»

«Chini nimeangalia.»

«Mama iko juu ya meza, weye unanihubiria boulon?»

«Kama iko ndani, moteur itavunjika docteur akiwa amesha kumupasua. Mashine ya kumupa hewa itazima.»

Chef akaangalia infirmière. Infirmière akaniangalia mimi. «Basi fanya mbio, dada.»

Chef akaachia.

Nikafungua bomba tena. Nikapakaa graisse ku rayon ya kinga, ile chuma nyembamba ya gurudumu ya baiskeli, nikaishusha mu tundu pole pole. Ikarudi bure. Nikashusha tena, nikasikia kitu kinacheza kule chini. Nikavuta. Boulon ikatoka, imebamba ku ncha.

Nikafungua musuko mumoja wa kichwa yangu, nikamupa chef uzi. Akaifunga yeye mwenyewe.

Groupe ikawaka. Tukakaa pembeni yake, tunasikiliza kama sauti itabadilika. Haikubadilika. Kisha mutoto akalia ndani.

Chef akapanguza mikono. «Enda bakusuke,» akasema. «Unafanana na mutu wa wazimu.»

Leo vidole vyangu vimekauka, kazi niliacha. Bajukuu banatengeneza pikipiki mu parcelle yangu, kiwanja ya nyumba. Juzi mumoja alitaka kuwasha na boulon moja haionekane. Eti, «Koko, itajionyesha tu.» Nikamunyanganya ufunguo, nikaita nyumba yote.

«Boulon ikipotea, pikipiki haiwake. Ku soko, ku kanisa, mutaenda na miguu, na mimi mbele yenu, mpaka ionekane.»