Nilinawa Hina kwa Ajili ya Vibarua wa Mashine

Admin, nifichie jina, mtaa wetu ni mdogo na midomo ni mingi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nane, mzaliwa wa mtaa wa Biryogo, baba yangu ni fundi cherehani. Nimechumbiwa na kijana nitakayemwita Yusufu, ameshapanga nyumba mtaa wa Batsinda na kitanda kimeshaingia. Nikah yetu ilitakiwa iwe imeshapita, na kama haijapita ni kwa sababu ya kompyuta. Msicheke, nasema kweli tupu.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo hapa Kigali inayowatumia wagonjwa wa sukari na presha ujumbe wa simu: kesho ni siku yako ya kliniki, usikose kuchukua dawa. Mtambo wenyewe niliuandika mimi peke yangu, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Elixir. Ndani yake nimeweka vibarua kumi. Si watu, ni programu ndogo ndogo. Kila kibarua anachukua ujumbe mmoja kwenye foleni, anautuma, anarudi kuchukua mwingine. Kila alfajiri wanaamka wenyewe, saa yao nimeipanga. Mmoja akifa katikati ya kazi, msimamizi wao anainua mwingine papo hapo na kazi inaendelea. Nilikuwa najivunia kitu hicho, acheni tu. Na kumi si ubahili wangu: kampuni ya simu inayotupitishia ujumbe haikubali zaidi ya hapo kwa mara moja, ukizidisha inakufungia mlango.

Bosi wangu hilo analijua, nimemwambia mpaka mate yamenikauka. Nimemwomba pia aajiri mtu wa pili nimfundishe, jibu lake ni moja tu: "Wa nini, dada? Si wewe uko?" Amekulia Kampala, Kiswahili chake cha kuokoteza. Lakini si mtu mbaya, nikiumwa yeye ndiye wa kwanza kuja kunijulia hali.

Sasa kwetu, biharusi huwekwa ndani siku chache kabla ya nikah. Hutoki, wanaume hawakuoni, unasingwa mwili kwa manukato, unapakwa hina. Shangazi yangu, dada yake baba, alipoingia tu alininyang'anya simu akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Huyo mume wako wa kompyuta atasubiri," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. Nikacheka nao. Wallahi nilipata raha ambayo sikuwa nimeipata tangu nianze kazi hiyo.

Siku ya hina nimekaa mkekani, mikono yote mibichi mpaka kwenye viwiko, tukasikia zogo mlangoni. Bosi! Kavua viatu, kompyuta kaikumbatia, anabishana na wanawake. "Mama, mbabarira, munisamehe, iko shida kubwa! Wagonjwa hawapate mesaji!"

Kumbe alikuwa na wageni wa hospitali mpya inayotaka kujiunga nasi, akataka kuwaonyesha ukubwa wa mtambo. Akafuta kumi, akaandika mia. Vibarua mia wakakimbilia mlango mmoja kwa pamoja, kampuni ya simu ikatufungia. Wakajaribu, wakafa, wakainuliwa, wakajaribu tena, mpaka kila ujumbe ukamaliza majaribio niliyoupangia na kutupwa. Asubuhi kadhaa mfululizo hakuna mgonjwa aliyekumbushwa. Mwanamke mmoja pale mkekani akashika kinywa: "Ndiyo maana Bi Zaina kaanguka sokoni! Alikuwa anangoja ujumbe wa siku yake ya dawa." Bi Zaina ni jirani yetu, ana sukari, amenibeba mgongoni nikiwa mdogo.

"Unielekeze kwa mdomo, mimi naandika," bosi akasema nyuma ya pazia. Nikamwelekeza. Akakosea. Nikarudia, akakosea tena. Nikainuka, nikaenda kwenye beseni, nikanawa. Hina ikabaki mabaka mabaka, rangi ya chai ya maziwa, na shangazi akapiga yowe kama tuko msibani.

Nikavuka pazia, nikaichukua kompyuta, mtambo nikaurekebisha. Lakini magharibi haijafika, kwa wakwe habari imeshafika: biharusi kanawa hina akamtokea mwanamume mwingine. Mama mkwe akasema binti huyu hataki kuolewa. Yusufu akaahirisha nikah. Alikuja akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza: "Nakupenda, lakini sitaki kuwa kibarua wako wa mia na moja. Tutaanza upya. Safari hii kazi ikikutoa ndani kabla ya nikah, usinitafute tena."

Nikaenda kuacha kazi. Bosi akalia mbele yangu, mwanamume mzima. "Hawa vibarua wakikufa, iko mwenye kuwainua. Wewe ukienda, nani ataingia mahali yako?" Nikabaki kazini. Mtambo ukiachwa hauna neno hata mwezi mzima, ninachoogopa ni mikono yake. Ameapa hataugusa. Juzi nikamkuta na wageni wale wale, anawaambia, "Kuongeza vibarua si kazi, hakuna shida." Nilitamani kupiga ukuta.

Kesho shangazi ananiweka ndani tena, na amesema atanipekua mpaka kwenye nywele. Bosi naye kanipa simu nyingine, ndogo, nyembamba, eti niishone ndani ya mto. "Haitaita, dada. Ikiwa iko shida, itatetemeka tu." Cherehani ya baba ipo, mto upo. Nikiingia nayo, nitakuwa nimemdanganya Yusufu hata kabla sijawa mkewe. Nikiiacha, kila adhana ya alfajiri nitakuwa nimelala pale namfikiria Bi Zaina.

Ndugu zangu, hasa kina mama mlioolewa, niambieni: niishone, au nimrudishie mwenyewe? Ila msiniambie niizime kwanza nitulie nifikirie. Ninawaandikia kwa simu hiyo hiyo, na tangu nianze imeshatetemeka mara mbili.