Kombora letu lilimwangukia mama aliyetulisha, nami nikasema ni ndege

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Sitaongeza chumvi, maana stori yenyewe ni chungu ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, uasi umeshika bonde la Ruzizi na mwambao wa ziwa. Nilikuwa mwasi. Si shujaa, mjue hilo. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi, kila kikosi kilinikataa.

Komanda akatukusanya sisi tuliokataliwa. Mwalimu Filemoni, asiyeona hatua kumi mbele yake. Sosteni, mchomeaji vyuma wa kiwanda cha pamba, mlevi. Na mimi. Wenzetu walituita "masalio".

Kazi tuliyopewa? Kutengeneza kombora la kuangusha ndege za serikali zilizokuwa zinatupiga mabomu.

Mwalimu alisikia redioni kwamba watu wamefika anga za juu, wakazunguka dunia na kurudi wazima. Habari ile ilimnyima usingizi. "Letu litapita mawingu," alituambia. "Siku moja muntu wa kwetu atapanda ndani."

Tulicheka, lakini tulimwamini. Ukishakataliwa kila mahali, anayekuambia utafika mbinguni unamfuata.

Karakana yetu ilikuwa zizi la mbuzi la mama Nabintu, mjane wa vilimani, njia ya Lemera. Alituachia zizi bure, na kila siku alitupa bugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Alikuwa na mwana mmoja, Mateso, mwanaume mkimya, mkulima, asiyetaka hata kusikia habari za bunduki.

Siku ya jaribio, asubuhi, Komanda akatuonya: atakayemwambia raia yeyote ni adui.

Mara mama akatoka na kikapu.

"Minye niko naenda ku kijito, kutoa mihogo yangu mu maji. Leo mutakula bugali ya mupya."

Kijito kiko bondeni, chini yetu kabisa. Nilijua kombora likirudi linaweza kuangukia huko. Nikamtazama Komanda. Komanda akanitazama.

Nikasema, "Sawa, mama."

Maneno mawili tu, wakuu.

Kombora lilipanda. Niseme kweli, lilipendeza. Mwalimu hakuliona, akawa anatuvuta mashati: "Liko wapi? Liko wapi?" Sosteni analia machozi: "Limepita mawingu, mwalimu!" Tukakumbatiana kama watoto.

Kisha tukasikia mluzi unarudi chini.

Nilichechemea mpaka kijitoni. Nikamkuta amekaa ndani ya maji, mihogo imetawanyika, mkono wake wa kulia umepondeka. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya Lemera. Njiani akafumbua macho.

"Ilikuwa ndege?"

Ningeweza kunyamaza.

"Ndiyo, mama. Ni ndege."

Mkono ulikatwa. Komanda alifurahi kusikia jibu langu, akalitangaza vijijini: ndege ya serikali imempiga mjane akitoa mihogo yake. Vijana wengi wakajiunga nasi kwa hasira.

Wa kwanza kujiunga alikuwa Mateso. Alinipa mkono, akanishukuru kwa kumbeba mama yake. Hakurudi. Hata kaburi lake halijulikani.

Mwalimu hakugusa tena chuma. Sosteni alikunywa mpaka akafa.

Mimi nilikaa na siri ile miaka mingi, nikaoa, nikafungua duka dogo hapa mtaa wa Kimanga. Vita ilipokuwa imepoa nikapanda Lemera. Mama Nabintu alikuwa mzee sana, anamenya viazi kwa mkono mmoja, amevibana kwa magoti. Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Aliendelea kumenya. Halafu akasema:

"Mukono ningekusamehe zamani, kama ungekuja. Lakini Mateso aliniuliza, 'Mama, ni nani alikupiga?' Minye nikamuambia, 'Ni ndege.' Weye ndiye ulinipa lile neno, nikamupa mutoto wangu."

Hakunifukuza. Hakunisamehe pia. Alikufa kabla sijapata ujasiri wa kurudi.

Nilichojifunza: kombora liliua mkono. Uongo wangu uliua mtu, na niliusema kwa sauti ya upole, nikidhani ni huruma.

Wakuu, sitafuti pole. Nataka kujua toka kwa waliowahi kubeba kitu kama hiki: mlikiri mapema, au mlichelewa kama mimi? Na aliyekosewa, akiambiwa ukweli, anapata nini? Semeni tu, hata kwa ukali. Nasoma yote, polepole.